Uso wa Kadzo Langoni mwa Ngome

Kadzo Charo alianguka mtihani wake wa kwanza wa kuongoza wageni bila kukosea tarehe hata moja. Historia ya Ngome ya Yesu aliijua barabara. Kilichomwangusha ni swali la mwisho, ambalo chama cha waongozaji humwuliza kila anayetaka kitambulisho: wageni uliotembea nao wamekwambia nini?

Mama mmoja alikuwa amemweleza kwamba babu yake alifungwa humo, enzi ngome ilipokuwa jela. Kadzo aliitikia kwa kichwa. Ziara ilipokwisha, hakukumbuka neno. Hata sura ya yule mama ilimtoka.

"Nilikuwa natetemeka ndani, nikaukaza uso watu wasijue," alimwambia rafiki yake Maisara jioni ile, wakila mihogo ya kukaanga kando ya bahari, pale Mama Ngina.

Maisara, anayesomea saikolojia, alicheka mpaka pilipili ikampalia.

"Basi ndiyo hivyo, shoga. Ubongo ulishughulika kushika uso, wa kusikiliza nani? Hofu ikija usihangaike kuificha, ipe maana nyingine. Ukienda kucheza harusini, moyo hauendi mbio?"

"Sana."

"Na harusi ya mwenzetu Dama, nani alivaa nini?"

Kadzo akazitaja nguo zote, mpaka kandambili za mpishi.

"Haya! Kichwa kizima hicho."

Katika mtihani wa pili, mzee Hakimuddin, mtahini wa chama, alifuata nyuma ya wageni kimya. Moyo wa Kadzo ulianza kudunda. Akajiambia: ngoma hiyo, harusi imeanza.

Akajitambulisha kwa wageni, jina lake na kwao Kaloleni, mashambani. Hawajavuka lango, bwana mmoja wa makamo mwenye kofia akauliza kwa sauti, "Toka lini msichana wa Kaloleni akawaonyesha watu Mombasa?"

Wenzake wakacheka. Kadzo alihisi uso unataka kukazika. Akashusha pumzi, akamchukulia yule bwana kama shemeji mtani harusini, anayengoja jibu.

"Toka nilipopotea vichochoroni, bwana, nikazijua njia. Leo wewe hupotei."

Kicheko kikahamia upande wake, naye akaanza kusikia kila kitu.

Mwishoni Hakimuddin akasogea. "Haya, Bi Kadzo. Wamekwambia nini?"

Kadzo akawageukia wageni. "Bi Aliza ameuliza askari waliozingirwa humu walipata wapi maji. Bwana Gunga bibi yake aliuza maandazi hapo nje. Na wewe, bwana wa kofia, ulisema kwenye ngazi kuwa goti linakuuma, ila hutaki kungojwa."

"Kumbe ndiyo sababu ulipunguza mwendo?"

"Ndiyo sababu."

Bwana akavua kofia. "Kaloleni, mmetushinda."

Hakimuddin akamvisha kitambulisho shingoni. Safari hii Kadzo hakukaza kitu. Alipiga kigelegele mwenyewe, pale pale langoni, mpaka wauza vinyago wakaacha wateja wao wakageuka kumtazama.