Mfungo na Supu ya Boga

Msomaji wangu, apa kwanza kwamba haya hayatoki hapa. Umeapa? Basi sikiliza, maana mimi kunyamaza kumenishinda.

Kwenye fleti yetu ya kuchangia, hapa Karama, huku ughaibuni, imehamia familia kutoka Haiti. Wenye bunduki waliwafukuza kwao, wakatoka na watoto na begi moja. Juzi baba alikwenda kusikia kama kazi amepata. Akikosa, viza inakwisha na waondoke tena, wasijue pa kwenda.

Kiongozi wetu wa maombi, mama wa Kikenya mwenye sauti ya king'ora, akatufungisha wote.

"Hata chai mtu asiguse mpaka baba arudi!"

Mke wa Mhaiti yeye yuko jikoni anapika supu ya boga, anaimba.

"Dada, jibu halijakuja na wewe ushaanza sherehe?" kiongozi akamwuliza.

"Kwetu hii ni supu ya siku ya uhuru," akajibu kwa Kiingereza cha kuokoteza, anafuta mikono. "Nikingoja jibu ndipo nipike, nitakuwa nimeamini nini?"

Kiongozi akamwombea aongezewe imani.

Tukaingia chumbani sote, na mpishi pia, tukafumba macho. King'ora kikapungua, kikazimika. Nikadhani Roho ameshuka.

Mara mlango ukafunguliwa, baba akaingia. "Khalas, yamekwisha! Kazi nimepata!"

Mke akakimbilia jikoni kupakua, sisi nyuma yake. Tukamkuta kiongozi, upawa mdomoni, boga kidevuni.

"Nilikuwa naonja chumvi tu, wapendwa."

Mke wa Mhaiti akamjazia bakuli. "Kumbe nawe ulijua atapata, dada."