Kofi la Ijumaa Kuu

Mimi ni mtu wa Muleba, na hapa Nyabiyonza nililetwa na kazi ya kupima kahawa. Mwaka ule nilikuwa namchumbia binti wa hapa, nikaona nijipendekeze kanisani. Zilipogawanywa nafasi za igizo la Ijumaa Kuu, wenyeji walijichukulia Yesu na mitume wake. Wageni sote tukapewa Uyahudi. Hakuna aliyeuliza kwa nini, hata mimi.

Yesu na mitume walivaa nguo nyeupe za watumishi wa altareni. Sisi Wayahudi tukaenda kuazima kanzu na vilemba kwa rafiki yangu mwenye duka la vitenge, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Pwani. Akatupa, kisha akauliza, "Na Yesu hamumvishi?" Tukacheka. Nilidhani anatania.

Kazi yangu ilikuwa kumpiga Yesu kofi. Na mimi kwa ujinga wangu nikalipiga kwelikweli, likasikika hadi migombani. Watu wakanizomea. Bibi yake mchumba wangu, mzee wa watu, akanirushia ganda la ndizi.

Jumatatu ya Pasaka nikaenda kuposa, mshenga wangu akiwa yuleyule mwenye duka. Bibi hakuitikia shikamoo yangu. Kibuyu changu cha rubisi, pombe ya ndizi ya kuposea, kikaachwa mlangoni.

"Myahudi aliyempiga Yesu haoi kwangu," akasema.

Nilimpenda binti yule, na katika nyumba ile neno la bibi halikuwa na rufaa.

Mshenga akauliza kwa adabu, "Bibi, Yesu alikuwa kabila gani?"

"Mkatoliki."

"Na mama yake?"

"Huoni rozari?" Akamwonyesha picha ya Mama Maria ukutani.

"Wote Wayahudi, bibi. Yeye, mama yake, na Petro na wenzake. Hata sisi Waislamu tunalijua hilo."

Bibi akamgeukia mwanawe, ambaye ni katekista. Katekista akakuna kichwa. "Ni kweli, mama."

"Na hukuniambia?"

"Hukuuliza, mama."

Bibi akaitazama ile picha. "Tangu utotoni nawazomea ndugu zake," akasema taratibu, "naye yuko hapo ananiangalia."

Kibuyu kikaingizwa ndani. Binti nikapewa, kwa sharti moja: mwaka unaofuata kanzu za dukani wavae wote, na Yesu naye.

Tukavaa. Ulipofika wakati wa kofi, watu wakafungua midomo wazomee, wasijue waanze na nani.