Waume Waliotajwa Forodhani

Nikisikia harufu ya wino wa muhuri, naiona mashua yetu kwenye gati ya Tanga, tumetoka Pemba kuja kumwoza dada adhuhuri ile, wanaume wametangulia.

"Jina la mumeo?" karani wa forodha alimuuliza mama. Mama akainama. Kwetu mke hamtaji mumewe. Shangazi naye akavuta ushungi usoni, na mama mdogo vilevile.

"Karatasi bila majina? Hamshuki. Rudini Pemba!"

Nikachomoka, mtoto wa miaka saba, na mapengo yangu. "Shikamoo, bwana karani. Andika, mie nawajua wote!"

Nikamtajia waume watatu, na baba zao, na babu zao.

"Polepole, bibi, mkono unauma!"

Muhuri ukagonga, pa! Tukashuka, mie mbele, mama nyuma akinong'ona, "Babake kamtaja hivihivi, hana haya huyu," huku anacheka, meno yote nje.