Ramani ya Redioni

Kabla ya kufungua mdomo, mtangazaji wa ramani huzungusha kiti mpaka uso wake utazame kule anakotaka kukusimulia. Fundi mitambo, aliye nyuma ya kioo, ameshamwona akimpa mgongo waziri aliyealikwa studioni kwa sababu tu vita viko upande wa pili. Mezani hutandaza picha za setilaiti, kidole kikitembea juu yake taratibu na sauti ikikifuata: “Upe mlima mgongo. Mto uwe mkono wako wa kushoto.” Siku mto ulipoimeza barabara kuu, dereva aliyekwama na basi lililojaa watu alipiga simu redioni. Mtangazaji aligeuza kiti, akainamia picha za asubuhi ile, akaliona tuta la reli ya zamani, kavu kabisa, akampitisha hapo kona kwa kona. Kisha simu ikakatika. Fundi akabaki roho juu. Ilipolia tena, studio nzima ilisikia: “Dada, tumetoka! Wote!” Watu wakalipuka kwa vigelegele, wakamkimbilia mtangazaji kumkumbatia. Yeye alikuwa amewapa mgongo, amesimama juu ya kiti, akiupungia ukuta mikono yote miwili, upande ule ule lilikokuwa basi.