Nilimpulizia Dada Yangu Filimbi Ndio Watu Wanisifu

Mimi ndiye niliyekosa, sitafuti wa kulaumu. Wacheni niseme hapa, kwa sababu nyumbani nimeshindwa.

Mimi hucheza basketi hapa Thika. Jumamosi moja refa hakuja, nikaombwa nishike filimbi. Nikakubali mbio! Na sheria nilikuwa najua zile za kusikia sikia tu.

Shida ni kwamba timu ya Ruiru ilikuwa na Njeri, dada yangu mdogo. Kabla tuanze nikasikia mtu akicheka, "Leo Ruiru wamekuja na refa wa familia." Hiyo maneno iliniingia. Nikaapa hakuna mtu ataniambia napendelea.

Mechi ikikaribia kuisha, pointi zikiwa sawa, Njeri akadaka mpira chini ya ringi. Msichana mrefu wa timu ile nyingine akamziba. Njeri akageuka, akageuka tena, akitafuta nafasi. Nikaona mguu wake wa kulia ukienda huku na huku, nikapuliza. "Umetembea na mpira!" nikasema.

"Pivot yangu ni huu mguu wa kushoto! Haujatoka chini!" akalia. "Unaangalia mguu gani wewe?"

Si ningesikiza tu! Badala yake nikamwambia mbele ya watu wote, "Kelele peleka kwa mama. Toka nje!" Nikamfukuza uwanjani, watu wakanipigia makofi. Ruiru wakafungwa.

Baadaye Simran, tunayecheza naye timu moja, akanionyesha video kwa simu yake. Woi! Mguu wa kushoto wa Njeri ulikuwa umeganda pale pale. Simran akanieleza polepole: mguu mmoja ukibaki chini, huo mwingine unaweza kuzunguka nao mpaka uchoke. Kosa ni kuinua ule uliobaki chini kabla hujaanza kudunda.

Nikaenda kwa Njeri, huko Gatongora. Akanipa chai, maana ana heshima.

"Njeri, nisamehe. Sikuwa najua hiyo sheria."

"Kutojua si kitu," akasema. "Lakini ulijua ni mimi. Ndio maana ulipuliza."

Ngai! Angekuwa msichana mwingine, ningesita.

Aliacha timu. Tunasalimiana vizuri, kama majirani.

Wewe unayepewa filimbi, kama hujui sheria, kataa! Na usimwumize mtu wako ndio wageni waseme uko sawa. Wale walionipigia makofi siku hiyo, hakuna hata mmoja anajua jina langu.