Kadi za Rafu ya Mbele

Kila mwanzo wa mwezi, vitabu vipya vilipofika maktaba, Nanjala ndiye aliyeipanga rafu ya mbele: riwaya juu, vitabu vya maarifa chini, na kila kimoja na kadi yake iliyoandikwa kwa mkono, sentensi mbili tatu za kumshawishi msomaji. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kusifu kitabu asichokisoma. Watu wa mitaa ya Bondeni na Mji wa Kale walimwamini kama wanavyomwamini mpishi wa pilau ya harusi.

Kisha mistari ikaanza kumpotea. Alisoma neno, akalitafuta linalofuata, asilione. Pembeni mwa kila kitu ukungu umetanda. Alijua ni nini. Mama yake kule Bungoma alipofuka akiwa na miaka hamsini na mitatu, naye Nanjala sasa alikuwa na hamsini na mmoja. Hospitali hakwenda, kwa kuogopa kuambiwa anachokijua. Akawa anapiga picha majalada kwa simu, anakuza maandishi, anaandika kadi kwa kubahatisha. Kila mlango ulipofunguliwa, aliogopa kuulizwa.

Jumanne moja akaingia Bi Shahnaz, muuza vitambaa wa Bondeni, aliyemzika mwanawe mwaka uliopita. Wiki mbili nyuma alikuwa ameomba kitabu cha kumrudishia kicheko, na Nanjala akampa riwaya yenye kadi: “Mama na mwanawe wafungua hoteli. Utacheka.”

Bi Shahnaz alikiweka kitabu mezani taratibu.

“Mwanangu, hiki umekisoma?”

“Nimekisoma, Bi Shahnaz.”

“Basi ukurasa wa thelathini kuna nini?”

Nanjala akakifungua kitabu, akakisogeza karibu na macho.

“Mtoto afa,” akasema Bi Shahnaz. “Nimeyasoma hayo dukani, wateja wanitazama.”

Nanjala akakifunga kitabu.

“Sioni, mama,” akanong'ona. “Macho yaniishia. Naogopa.”

Bi Shahnaz hakumkumbatia, wala hakumwambia, “Si neno.” Hasira ilikuwa bado usoni.

“Daktari asemaje?”

“Sijaenda.”

“Marehemu mwanangu aliniambia kifua chamuuma. Nikasema tungoje Ijumaa ipite.” Akauchukua mkoba wake. “Inuka twende.”

Hospitalini ikaonekana ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, alisema daktari; dawa ya matone huenda ikakilinda kilichobaki. Kesho yake Nanjala alimweleza mkuu wa maktaba. Hakufukuzwa, ila rafu ya mbele alikabidhiwa mwenzake, Crispus, naye Nanjala akahamishiwa kwenye meza ya kupokea vitabu vinavyorudishwa.

Hutia matone asubuhi na jioni, bila kukosa. Na kila alfajiri, akishaamka, hulala kitambo macho yakiwa yamefumbwa, maana kufumbua ndiko anakokuogopa zaidi. Kisha hufumbua, akavitafuta vyuma vya dirisha kimoja kimoja, ajue kama bado aviona vyote.