Sidii Kutoka Ng'ambo na Kompyuta Isiyotoa Sauti

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa, nilikuwa nafundisha shule ya msingi Ujiji. Chumba cha uani kwetu alipanga mama mmoja Mbembe kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, muuza dagaa. Asubuhi moja alinijia na sidii aliyoifunga kwenye kitambaa. Mtu wa kwao alimletea kwa boti.

"Mwalimu, humu kuna sauti ya mama yangu," alisema. "Miaka minne sijaisikia. Mjini kuna kompyuta za kulipia, lakini sitaki watu wasimame wakimsikiliza."

Kompyuta yangu niliiunga mwenyewe: boksi la mashine iliyokufa, ubao wa nyingine. Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo niliiwekea mfumo wa zamani ambao hata walioutengeneza walishaachana nao. Mitihani ilichapa vizuri. Sauti haikuwahi kutoa, na sikuwahi kujali.

Siku ile nilijali. Nikamwomba wiki moja.

Nilifungua boksi, nikamulika tochi, nikanakili namba za kidude cha sauti kilichobanwa kwenye ubao. Jumamosi nikaenda Kigoma mjini kwenye intaneti. Draiva, yaani programu ya kuuwezesha mfumo kukitumia kidude kile, zilikuwepo za mifumo mipya tu. Fundi wa pale akacheka.

"Mwalimu, achana nayo hiyo. Nunua nyingine."

Nikapakua tatu zilizokaribia kufanana na niliyoitaka, nikarudi nazo kwenye flashi. Ya kwanza ilikataa. Ya pili ilivuruga mashine hata ikawa haiwaki. Nikaweka mfumo upya, kazi ya siku nzima. Ya tatu ikasema haikitambui kifaa changu.

Nikakaa nikiitazama. Kama haikitambui, basi nitakitambulisha. Nikafungua faili la maelekezo yake, nikakuta orodha ya namba za vifaa inavyovikubali. Ya kwangu haikuwemo. Nikaiandika chini ya nyingine, nikahifadhi, nikaanza tena. Safari hii ikakubali, lakini spika kimya! Nilikaribia kuzitupa nje. Nikachomoa waya wake kwenye tundu la mbele ya boksi, nikauchomeka kwenye la nyuma. Zikakoroma, kisha mlio wa mfumo kuwaka ukajaa chumba. Nilipiga kelele mpaka mke wangu akaja mbio kutoka jikoni.

Yule mama alikuja na harufu ya dagaa mikononi, nikaiingiza sidii yake. Bibi kizee akakohoa ndani ya spika, akaanza kusema Kibembe. Mimi sikuelewa hata neno. Mpangaji wetu alisikiliza ameinama, mara akacheka huku machozi yanamtoka.

"Anasema nini?" mke wangu akauliza.

"Ananigombeza! Eti siku ile tunakimbia sikufunga mlango, mbuzi wakaingia wakala muhogo wote." Akafuta uso kwa kitenge. "Rudisha mwanzo, mwalimu."

Nikarudisha. Mara ya tatu nilimwonyesha pa kubonyeza, tukatoka na mke wangu, tukamwachia chumba.